Amoksisilini ya spesialite, ya jenerike yenye jina, au ya mkebe: uchukue ipi?

"Dokta, unipatiye ile ya kweli, hapana ile ya mu mukebe."

Maneno hayo nimeyasikia jioni nyingi nikiwa nyuma ya kontwari ya famasi ndogo katika komine ya Kenya, hapa Lubumbashi. (Sisi wauza dawa tunaitwa dokta hata kama kazi yetu ni kuhesabu kinini, yaani vidonge. Nimeshaacha kubisha.) Mama anaweka ordonansi juu ya kioo, imekunjwa mara nne, imelowa jasho la kiganja. Imeandikwa amoksisilini 500, ile antibiotiki ya kuua bakteria, moja mara tatu kwa siku, siku saba. Nyuma yangu upo mkebe mweupe wa plastiki wenye kinini elfu moja. Kando yake kuna maboksi ya rangi kutoka India, kila moja na jina lake la biashara. Juu kabisa, karibu na saa ya ukutani, yamekaa maboksi mawili ya Clamoxyl, ambayo tajiri wangu huyanunua kwa woga maana yanachelewa kutoka. Mama anaangalia juu, anaangalia mkoba wake, anaangalia mtoto aliye mgongoni.

Ukisimama pale alipo mama huyu, kuna mambo ya kupima kabla ya kutoa falanga.

Kwanza, tunalinganisha nini na nini?

Spesialite ni dawa inayouzwa na kampuni iliyoivumbua, au iliyorithi uvumbuzi huo. Amoksisilini ilitoka katika maabara ya Beecham, Uingereza, ikaanza kuuzwa mwaka 1972. Beecham ikaungana na wengine, na tangu mwaka 2000 iko ndani ya GSK. Waingereza waliizoea kwa jina la Amoxil, Wafaransa na Wabelgiji kwa jina la Clamoxyl, ndiyo maana waganga wetu waliosomea vitabu vya Kifaransa bado wanaandika Clamoxyl hata wanapokusudia amoksisilini yoyote. Hataza, ile ruhusa ya kuwa peke yako sokoni, hudumu miaka 20, na ya amoksisilini iliisha zamani. Tangu hapo kiwanda chochote chenye uwezo kinaweza kuitengeneza.

Jenerike yenye jina ni amoksisilini ya kiwanda kingine kilichoipa jina la kubuni, ikafungwa ndani ya boksi zuri na plaketi zinazong'aa, zile karatasi ngumu ambamo kila kinini imefungwa peke yake. Watu wengi huku wanaihesabu kuwa spesialite kwa sababu ya boksi. Siyo. Nayo ni jenerike, ila imevaa suti.

Jenerike ya mkebe ni ile yenye jina la dawa tu, bila la biashara. Inakuja katika mikebe ya mia tano au elfu moja, nasi tunaihesabu na kuitia katika sashe, kifuko kidogo.

Augmentin nimeiacha nje makusudi. Watu hudhani Augmentin ndiyo "amoksisilini ya kweli", yenye nguvu, na kwamba amoksisilini ya kawaida ni mdogo wake maskini. Lakini Augmentin, iliyoanza kuuzwa Uingereza mwaka 1981, ni dawa mbili katika kinini moja: amoksisilini na asidi klavulaniki. Baadhi ya bakteria wana kimeng'enya kinachoikata amoksisilini kabla haijafanya kazi, na asidi klavulaniki inakizuia kimeng'enya hicho. Munganga akiona haja hiyo, ataiandika. Wewe ukipewa ordonansi ya amoksisilini kisha ukaomba Augmentin "kwa sababu ni nzuri zaidi", hujachagua spesialite badala ya jenerike. Umebadilisha dawa, na mara nyingi umejiongezea kuharisha, kwa maana asidi hiyo husumbua tumbo. Ukitaka kulinganisha kwa haki, weka Augmentin kando ya jenerike yenye vitu vyote viwili, na Clamoxyl kando ya amoksisilini tupu.

Vipimo nilivyotumia

Vitano. Je, dawa inafika kwenye damu sawasawa? Kozi nzima inagharimu kiasi gani, siyo kinini moja? Imepita njia gani hadi hapa? Inavumilia vipi joto na mvua zetu? Na je, mtoto ataimeza? Uzuri wa boksi sikuuweka, ingawa najua ndio unaouza.

Kufika kwenye damu

Hapa ndipo watu wanabishana sana, na ndipo tofauti ni ndogo kuliko kelele.

Kiwanda cha jenerike hakirudii majaribio yote ya miaka mingi. Kinatakiwa kuonyesha kwamba dawa yake inaingia kwenye damu kwa kiasi kile kile na kwa mwendo ule ule kama ya asili. Watu wazima wenye afya wanapewa zote mbili kwa zamu, damu yao inapimwa saa hadi saa, kisha namba zinalinganishwa. Kanuni inayotumika Marekani, Ulaya na kwingineko inataka uwiano huo, pamoja na pembezoni zote za mashaka ya hesabu, ubaki kati ya asilimia 80 na 125.

Namba hiyo ya 80 imepotosha wengi. Nimemsikia hata mwuguzi akisema, "Jenerike inaruhusiwa kupungukiwa dawa kwa asilimia ishirini." Hapana. Kinini lazima iwe na miligramu zilizoandikwa, ndani ya mipaka myembamba ileile inayotakiwa kwa spesialite. Zile 80 na 125 ni za pembezoni za mashaka, na ili pembezoni zote ziingie humo, wastani wenyewe hauna budi kukaa karibu sana na 100. Mamlaka ya dawa ya Marekani iliwahi kukusanya majaribio zaidi ya elfu mbili ya miaka 12. Tofauti ya wastani ya kiasi cha dawa kilichoingia kwenye damu, jenerike kwa spesialite, ilikuwa asilimia tatu na nusu hivi. Tofauti ya ukubwa huo unaweza kuipata hata kati ya loti mbili, yaani mafungu mawili ya kiwandani, za spesialite hiyohiyo.

Spesialite, basi, ndiyo kipimo chenyewe, wengine wanajipima kwayo. Jenerike yenye jina iliyopita mtihani huo iko sawa nayo. Ya mkebe pia, ikiwa imepita, maana mkebe ni chombo tu na hauna daraja. Kwa wale wanaoniambia kwamba Wazungu hawanywi jenerike: Marekani, karibu ordonansi tisa katika kumi zinajazwa kwa jenerike, na Ufaransa mfamasia ana ruhusa ya kubadilisha spesialite kwa jenerike tangu mwaka 1999. Moja ya sehemu kubwa zinazotengeneza penisilini Ulaya ni Kundl, Austria, kiwanda cha Sandoz, nayo ni kampuni ya jenerike.

Neno muhimu hapo ni "iliyopita mtihani". Tutalirudia.

Kabla sijaendelea, kuhusu harufu. Mara kwa mara mteja anarudisha sashe: "Dokta, hii ishaoza, iko inanuka mayai." Amoksisilini ina harufu ya salfa, yai lililochelewa kidogo. Clamoxyl inayo, ya mkebe inayo. Ya mkebe inanuka zaidi puani kwa sababu kinini mia kadhaa zimefungiwa mahali pamoja na wewe umefungua kifuniko. Harufu hiyo peke yake siyo dalili ya ubovu. Rangi iliyobadilika, kapsuli zilizolegea au kushikana, hizo ndizo dalili.

Bei ya kozi nzima

Sitaandika bei kwa franka, kwa maana zinabadilika na dola, na makala hii ingezeeka kabla ya wiki kwisha. Lakini mpangilio haubadiliki: spesialite juu, yenye jina katikati, ya mkebe chini, na kutoka chini hadi juu ni kupanda mlima.

Kosa la kawaida ni kulinganisha bei ya kinini moja au plaketi moja. Linganisha kozi. Moja mara tatu kwa siku saba ni kinini 21. Munganga akiandika siku tano, ni 15. Piga hesabu hiyo kwa kila chaguo, kisha jiulize: ninazo zote leo?

Nauliza hivyo kwa sababu ya baba mmoja aliyekuja na pesa za kutosha kozi nzima ya mkebe. Alikataa. Akanunua plaketi moja tu ya spesialite, iliyokatwa kutoka kwenye boksi. "Nitakunywa ya leo na ya kesho, nikisikia nafuu naacha." Amoksisilini inaondoka upesi mwilini. Baada ya saa moja hivi nusu yake imeshatoka kwenye damu, ndiyo maana inanywewa mara tatu kwa siku, na ndiyo maana kuruka dozi kunawapa bakteria nafasi ya kupumua. Spesialite ya siku mbili haiwi kozi kwa sababu tu boksi lake lilikuwa la bei. Alirudi siku ya tano akiwa na homa ileile, na pesa aliyoongeza ilizidi ile aliyoanza nayo.

Katika jenerike yenye jina, sehemu ya bei unalipia boksi, jina, na miguu ya delege wa kampuni anayezunguka kwa waganga na kalamu na kalenda. Simlaumu delege, anatafuta maisha kama sisi. Lakini jua kwamba kalamu ile iko ndani ya bei yako. Wakati mwingine pia unalipia kitu cha maana: plaketi iliyofungwa vizuri, notisi ya Kifaransa, na namba ya loti unayokwenda nayo nyumbani.

Njia iliyopita

Mimi nakaa zaidi hapa, kwani huku kwetu hiki ndicho kipimo kizito kuliko vyote.

Shirika la Afya Duniani lilikadiria mwaka 2017 kwamba katika nchi za kipato cha chini na cha kati, bidhaa moja ya dawa katika kumi ni mbovu au ya bandia, na kwamba dawa za malaria na antibiotiki ndizo zinazoripotiwa zaidi. Bandia haichagui jenerike peke yake. Mwenye kughushi ni mfanyabiashara: anaiga kile kinacholipa. Augmentin ya bandia imewahi kukutwa Uganda na Kenya, hadi Shirika hilo likatoa tahadhari. Boksi lenye jina kubwa na bei kubwa linamvutia mwizi kama boflo linavyovuta nzi.

Upande wa pili, mkebe nao una historia yake. Kati ya mwisho wa 2014 na 2015, huko Ituri, mamia ya watu walianza kukakamaa shingo, ulimi kutoka nje, macho kugeuka juu. Wengine walidhani ni ugonjwa mpya. Kumbe walikuwa wamepewa kinini za mkebe zilizoandikwa diazepamu, na ndani yake mlikuwa na haloperidoli, dawa nyingine kabisa ya magonjwa ya akili. Kinini zilikuwa nzuri machoni. Lebo ilikuwa safi.

Nami nina langu. Mwaka mmoja, wakati dawa zilikuwa adimu, tulinunua mkebe kwenye depo moja, jina nalihifadhi. Nilipokuwa naupanga kwenye rafu, ukucha wangu ulinasa pembe ya lebo. Ikainuka. Chini yake kulikuwa na lebo nyingine, dawa ileile, na tarehe ya kwisha iliyopita miezi saba nyuma. Nilimwita tajiri, tukautazama kimya, mkebe ukarudi ulikotoka. Tangu siku hiyo kila mkebe unaoingia napitisha ukucha kwenye pembe nne za lebo. Ni jambo dogo, na wewe mteja unaweza kuniomba nilifanye mbele yako.

Sasa, kila chaguo linakupa nini cha kukagua?

Spesialite inakupa boksi lililofungwa, na wewe ndiye unayelifungua. Soma namba ya loti na tarehe juu ya boksi, kisha juu ya plaketi: lazima zifanane. Angalia maandishi, kosa la herufi katika jina la kampuni kubwa ni kengele. Bei ikiwa ndogo mno kwa spesialite, hiyo nayo ni kengele, na hapa wengi wanafurahi badala ya kushtuka. Udhaifu wake mwingine ni kutopatikana. GSK ilipofunga biashara yake Nigeria mwaka 2023, watu waliozoea jina moja walijikuta wanalitafuta kwa tochi. Ukiwa umeanza siro ya jina moja siku ya kwanza, hakikisha chupa ya pili ipo.

Jenerike yenye jina inakaguliwa vivyo hivyo, pamoja na jambo moja zaidi: imesajiliwa? Dawa inayouzwa Kongo inatakiwa kuwa na ruhusa ya kuingia sokoni, ile tunayoiita AMM. Siku hizi kazi hiyo iko mikononi mwa ACOREP, mamlaka ya dawa ya Kongo. Majina haya ni mengi. Mengine yanakuja na msimu, yanavuka mpaka wa Kasumbalesa leo na kupotea kesho. Napendelea jina ambalo nimeliona kwenye rafu kwa miaka, lenye notisi ya Kifaransa na anwani kamili ya kiwanda, kuliko boksi linalong'aa lisilojulikana na yeyote.

Mkebe una shida yake ya pekee: loti na tarehe vinabaki kwangu, wewe unaondoka na sashe isiyo na jina. Dawa yake ni rahisi. Omba mkebe ugeuzwe, soma mwenyewe, na mwambie mwuzaji aandike jina, nguvu, loti na tarehe juu ya sashe. Anayekataa, ondoka. Tena mikebe haifanani kwa asili. Lupitalo au santa ya afya inayochukua dawa kwenye depo za mtandao wa FEDECAME, zile za dawa muhimu, inapata mkebe uliopita kwa zabuni na ukaguzi. Mkebe wa meza ya sokoni umepita kwa nani? Ni jenerike ileile kwa jina, njia tofauti kabisa. Watu wanaposema "jenerike haiponyeshi", mara nyingi wanazungumzia mkebe wa meza hiyo.

Joto na mvua

Oktoba hapa jua linachoma, kisha mvua zinashuka hadi Machi na kila kitu kinashika unyevu, hata chumvi mezani.

Amoksisilini tupu, ikiwa kavu na kufunikwa, inavumilia vizuri. Lakini mkebe unaofunguliwa mara thelathini kwa siku katika Desemba unaingiza unyevu kila mara. Kapsuli zinalainika, zinashikana kama peremende mfukoni. Katika miezi hiyo plaketi, iwe ya spesialite au ya jenerike yenye jina, iko mbele, kwani kila kinini imekaa chumbani mwake hadi utakapoibonyeza. Mkebe mdogo unaokwisha upesi, wenye kifuko cha kukausha ndani, unapunguza tofauti hiyo.

Kwa dawa yenye asidi klavulaniki sina mjadala. Asidi hiyo inakufa kwa unyevu, ndiyo maana kinini zake zinafungwa katika karatasi ya aluminiamu. Ziwe Augmentin au jenerike yake, usizikubali zikiwa zimetolewa kwenye plaketi na kutiwa sashe, na kinini iliyogeuka njano ya kahawia irudishe.

Siro ni habari nyingine. Unga ukishachanganywa na maji, saa imeanza kuhesabu. Siro za amoksisilini, kutegemea kiwanda, zinadumu siku 7 au 14, soma notisi. Zenye asidi klavulaniki zinataka friji, na nyingi ni siku 7 tu. Hapo namuuliza mzazi swali ambalo notisi haiulizi: kwenu umeme wa SNEL unakuja saa ngapi kwa siku? Anayecheka, nimeshapata jibu.

Mtoto atameza?

Kwa ladha, spesialite mara nyingi inashinda. Siro yao imetiwa utamu wenye akili na kijiko chake kina alama. Mtoto anayetema kila dozi anatema pesa yako pia, kwa hiyo ladha siyo anasa.

Siro za jenerike zinatofautiana, nyingine tamu, nyingine chokaa. Jambo la kuangalia zaidi ni nguvu. Kuna siro ya miligramu 125 kwa mililita 5 na ya 250 kwa mililita 5. Ukibadilisha jina katikati ya kozi bila kusoma namba hiyo, kijiko kilekile kinaweza kuwa dozi mara mbili au nusu. Kwa wakubwa upo mtego kama huo upande wa Augmentin: kinini mbili za 375 hazilingani na moja ya 625, kwa sababu kiasi cha asidi klavulaniki ni kilekile katika kila kinini, 125, na ukimeza mbili tumbo linalipa.

Halafu kuna kitu ambacho wazazi wengi hawakijui: kinini ya amoksisilini 250 inayoyeyuka. Shirika la Afya Duniani linaipendekeza kwa nimonia ya watoto wadogo, na ni jenerike, UNICEF inaisambaza. Unaiweka kwenye kijiko chenye maji safi kidogo, au maziwa ya mama yaliyokamuliwa, inavurugika ndani ya nusu dakika, mtoto anakunywa. Haitaki friji. Haitaki chupa ya glasi inayovunjika ndani ya teksi. Ina mstari katikati wa kuikata nusu sawasawa.

Mkebe wa kapsuli 500 kwa mtoto ni chaguo baya, na nasema hivyo nikiuza mkebe. Nimeona mama akifungua kapsuli juu ya sahani, akigawanya unga kwa ncha ya kisu, nusu ya leo, nusu ya usiku, upepo ukichukua robo. Dozi ya mtoto inahesabiwa kwa kilo zake. Kisu hakijui kilo.

Inamfaa nani

Spesialite inamfaa mwenye uwezo wa kulipa kozi yote bila kukata plaketi, anayenunua kwenye famasi yenye mfamasia na risiti. Inamfaa pia aliyewahi kudhurika na rangi au kitu kingine cha nyongeza katika jenerike fulani, akajua kwamba spesialite haina kitu hicho. Lakini mwenye alejia ya penisilini asidanganyike: amoksisilini ni penisilini katika boksi lolote, na Clamoxyl itamvimbisha koo sawa na ya mkebe.

Jenerike yenye jina inamfaa mtu wa katikati, anayetaka plaketi na loti mkononi bila kulipa mlima mzima. Inamfaa hasa msimu wa mvua, na anayesafiri: ukienda Likasi au Kolwezi na kozi katikati, plaketi inavumilia mkoba.

Ya mkebe inamfaa mtu mzima mwenye kozi ndefu na pesa fupi, anayeichukua lupitalo, santa ya afya, au famasi inayokubali kugeuza mkebe mbele yake.

Ukiwa katika hali hii

*Ordonansi imeandika jina la spesialite na pesa haitoshi.* Usikate kozi. Muulize mfamasia jenerike ya dawa ileile, nguvu ileile, idadi ileile. Kama jina ni Augmentin, lazima jenerike iwe na vitu viwili, usikubali amoksisilini tupu kama mbadala bila neno la munganga.

*Mtoto chini ya miaka mitano, nyumbani hakuna friji.* Uliza kwanza kinini inayoyeyuka. Siro iwe chaguo la pili, na ukiichukua, ichanganywe na maji yaliyochemka yakapoa, hadi kwenye mstari wa chupa, siyo kwa kukadiria.

*Uko sokoni, mwuza meza ana zote tatu.* Hapo tofauti ya spesialite na jenerike imekwisha maana. Zote zimekaa juani tangu asubuhi na hakuna anayejua zilikotoka. Nenda famasi, hata kama ni kununua ya mkebe.

*Ulianza jenerike, siku tatu zimepita, homa haishuki.* Usikimbilie spesialite ya dawa ileile. Rudi kwa munganga na sashe au boksi lako. Pengine ni bakteria wasiosikia amoksisilini, pengine ni malaria, pengine ni virusi, na virusi havijali boksi la aina yoyote. Kweli inawezekana pia kwamba dawa yenyewe ni mbovu, ndiyo maana ile loti iliyoandikwa juu ya sashe ina kazi.

*Una mafua, pua inatiririka, koo linawasha kidogo, na hukuandikiwa chochote.* Hakuna cha kulinganisha. Weka falanga mfukoni.

*Ngozi imetoka vipele, uso unavimba au pumzi inabana baada ya dozi.* Acha dawa na uende lupitalo sasa hivi, boksi mkononi.

Yule mama wa ordonansi iliyolowa, dawa ilikuwa yake mwenyewe, siyo ya mtoto. Nilipitisha ukucha kwenye lebo, nikaugeuza mkebe, akasoma tarehe kwa kidole, herufi kwa herufi. "Njo dawa moja na ile ya juu?" Njo moja. Nikamhesabia 21 kwa kijiti juu ya sahani ya bluu, nikaandika loti kwenye sashe, kisha nikachora jua linalochomoza, jua la utosini, na mwezi. Akaniuliza kama ile ya mwezi inanywewa kabla ya bukari au baada. Vyovyote, nikamwambia, amoksisilini haichagui, ila usiilalie njaa.